Flaiwili, Mayai ya Wifi na Haki ya Dereva

Gari likianza kugonga, watu wote wa nyumba hugeuka mafundi. Huyu atasema ni dizeli mbaya, yule atasema ni matairi, na mwingine atatikisa kichwa na kusema kwamba magari ya dizeli yote hupiga kelele, kwa hiyo lisitiwe maanani. Lakini siku zikipita na kelele isikome, na bei ya matengenezo ikiisha kutajwa, mazungumzo hubadilika. Watu huacha kuuliza ni kitu gani kilichoharibika, wakaanza kuuliza ni nani aliyekiharibu. Hapo ndipo dereva, ambaye aghalabu ndiye mdogo wa ukoo au ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote, hujikuta yu peke yake.

Hayo ndiyo yaliyotufika katika ukoo wa mume wangu. Nayaandika hapa kwa ridhaa yao, maana kifaa kilichozusha mzozo wetu kimo ndani ya magari mengi ya dizeli ya familia za mjini, wenyewe wasijue hata kama kipo, na siku kinapochakaa gharama yake yaweza kutikisa udugu.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anafuga kuku wa mayai Kibaha. Mara tatu kwa juma mayai yake huteremshwa Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro na kugawanywa madukani, kuanzia Kimara, kupita Manzese, hadi Magomeni. Kwa ajili ya kazi hiyo yeye na mume wangu waliungana wakanunua gari dogo la dizeli lenye nafasi kubwa nyuma, lenye gia 6 za mkono, ambalo lilikuwa limetumika kwanza Uingereza. Dereva ni shemeji yangu, kitinda mimba wao, kijana mtaratibu asiyekunywa pombe, ambaye hulipwa mshahara wake kila mwisho wa mwezi kama mfanyakazi mwingine yeyote. Siku zisizo za mayai, gari hilo humpeleka mama mkwe kliniki, hubeba viti vya harusi na masufuria ya misiba, kama yalivyo mambo ya gari lolote la ukoo.

Kelele ilianza kidogo kidogo. Asubuhi, injini ikiwa inanguruma na gari limesimama, ilisikika sauti kama ya njugu zinazotikiswa ndani ya kopo. Mguu ulipokanyaga klachi sauti ilibadilika, ulipoachia, ilirudi. Gari lilipozimwa lilipiga kishindo kimoja kizito, kama mlango uliofungwa kwa hasira. Haukupita muda likaanza kutetemeka kila lilipoondoka, na wifi akasadiki kuwa hiyo ndiyo sababu ya mayai kupasuka katika trei za chini.

Gereji ya kwanza ilisema giaboksi nzima imekwisha. Ya pili ilisema giaboksi ni nzima, iliyokufa ni flaiwili, na kwamba mpya ni ghali mno, bora ile ya zamani ichomelewe ili mambo yaishe siku hiyo hiyo. Tulipouliza bei ya flaiwili mpya pamoja na klachi yake katika maduka ya vipuri ya Kariakoo, tulitajiwa fedha zinazozidi mapato ya mayai ya miezi miwili, chakula cha kuku kikiwa kimekwisha kutolewa. Wifi akakata shauri. "Anayeliendesha ndiye aliyeliharibu," alisema mbele ya kikao cha familia. "Akatwe nusu ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe."

Shemeji hakujibu neno. Alikuwa na mtoto wa kuanza shule mwezi wa Januari, na sote tulijua. Mama mkwe ndiye aliyevunja kimya. Alisema kuwa mahakimu wa kuku huwa wanamwona kwanza mwizi, ndipo wanapomhukumu. Na kwa vile mimi kazi yangu ni kuuliza watu maswali, niende kwa fundi wa tatu, nisimame hapo hapo kifaa kinapofunguliwa, kisha nirudi niseme nilichokiona. Mume wangu alikuwa safarini kikazi. Basi nikaomba siku mbili za mapumziko ofisini, nikaenda.

Kabla sijasimulia yaliyoonekana, sharti nieleze flaiwili ni nini. Katika vitabu vya ufundi huitwa gurudumu tegemeo. Mimi nililijua tangu utotoni bila kujua jina lake, kwa maana mama yangu mzazi alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikuwa ya miguu. Msomaji aliyewahi kuitumia atakumbuka kwamba mguu hausukumi wakati wote. Husukuma, kisha hupumzika, kisha husukuma tena. Lakini sindano haisimami kila mguu unapopumzika. Kinachoipeleka ni lile gurudumu zito la chini, ambalo likishazungushwa halitaki kusimama. Linaweka nguvu ya msukumo mmoja na kuitoa kidogo kidogo hadi msukumo mwingine uje.

Injini ya gari nayo haisukumi wakati wote. Husukuma kwa mapigo. Injini ya silinda 4 hupiga mara mbili katika kila mzunguko mmoja, kwa hiyo inapozunguka mara 800 kwa dakika, mwendo wa kawaida gari likiwa limesimama, hutoa mapigo 1,600 kila dakika. Tena mapigo ya dizeli ni mazito, kwani injini hiyo haina plagi za kuwashia moto kama ile ya petroli. Hukandamiza hewa mpaka ikabaki sehemu moja kati ya 16 au 18 ya ujazo wake, ikapata joto la kuwasha mafuta yenyewe. Kwa hiyo kila injini imefungiwa nyuma yake gurudumu zito la chuma, na juu ya uso wa gurudumu hilo ndipo klachi inapobana ili kupeleka nguvu kwenye giaboksi.

Zamani gurudumu hilo lilikuwa kipande kimoja tu cha chuma. Injini za dizeli zilipozidi kupewa nguvu, na hasa nguvu ya kuvuta katika mizunguko ya chini, huku giaboksi zikifanywa nyepesi, ilionekana kuwa kipande kimoja hakitoshi kuyatuliza mapigo. Meno ya giaboksi yaligongana na abiria wakatetemeka. Ndipo wahandisi wakaligawa gurudumu mara mbili. Mwaka 1985 kampuni ya LuK ya mji wa Bühl, Ujerumani, ilianza kutengeneza flaiwili za namna hiyo kwa wingi, na leo magari mengi ya dizeli yenye gia za mkono yanazo. Kipande cha mbele hufungwa kwa bolti kwenye krenki ya injini. Kipande cha nyuma hushikana na klachi. Katikati yao, ndani ya mfereji uliojaa grisi, hukaa springi ndefu zilizopinda kama upinde. Injini inapopiga, kipande cha mbele huruka kidogo, springi hujikunja, na kipande cha nyuma huendelea kuzunguka kwa utulivu, kana kwamba hakikusikia kitu. Springi hizo hupokea pigo la kila mzunguko tangu gari linapowashwa hadi linapozimwa. Kwa hiyo kuchakaa kwake, peke yake, si ushahidi kwamba mtu amefanya kosa.

Fundi wa tatu ni mzee mwenye gereji chini ya miembe miwili, maeneo ya Mabibo, na msaidizi wake ni kijana aliyehitimu mafunzo ya ufundi stadi. Nilimwamkia, akaniitikia, nikamweleza shida yetu na maneno ya mafundi waliotangulia. Hakusema kuwa wamekosea wala kuwa wamepatia. Alisema tu, "Binti yangu, liacheni hapa lilale. Nataka kulisikia linapoamka."

Kesho yake, saa 1 asubuhi, aliliwasha likiwa baridi. Alisikiliza, akakanyaga klachi, akaachia, akakanyaga tena. Kisha akalizima, akainua kidole kwa kile kishindo. Akaniambia kwamba sauti inayobadilika mguu unapogusa klachi hutoka katikati ya injini na giaboksi, na katikati hapo wanakaa watatu: beringi ya klachi, klachi yenyewe na flaiwili. "Lakini nikibadilisha flaiwili bila kujua kilichoiua," alisema, "nitakuwa nimewauzia chuma tu."

Basi kabla ya kufungua bolti hata moja ya giaboksi, aliigeukia injini. Kila nozeli katika injini hizi za kisasa ina mpira mwembamba unaorudisha kwenye tangi dizeli iliyobaki. Aliichomoa mipira yote minne, akaingiza kila mmoja katika kichupa chake, akaiacha injini ingurume dakika chache. Vichupa vitatu vilijaa sawasawa hadi karibu robo. Cha silinda ya pili kilifika nusu. Maana yake, alieleza, ni kuwa nozeli ile imelegea ndani. Mafuta mengi yanakimbia nyuma badala ya kwenda kazini, na silinda yake haipigi sawa na wenzake. Injini inachechemea. Na injini inayochechemea humwaga mapigo yasiyo na mpangilio juu ya springi za flaiwili, mchana kutwa, hata gari likiwa limesimama kwenye foleni.

Akaikagua na betri. Ilikuwa dhaifu, stata ikiizungusha injini kwa kujikokota. Nalo hilo lina madhara yake. Flaiwili ya vipande viwili ina mwendo mmoja wa chini, chini ya ule wa injini kunguruma, ambao springi zake hutikisika kupita kiasi. Betri nzima huivusha injini hapo kwa kufumba na kufumbua; betri dhaifu huiacha ikigongwa hapo hapo, kila asubuhi.

Kisha akamgeukia shemeji, ambaye wakati wote alisimama kando kama mshitakiwa. "Kijana, unapotoka Kibaha unatembelea gia gani?"

"Ya tano, mzee, na ya sita. Hata kwenye kilima siishushi, labda lianze kuzimika."

"Kwa nini?"

"Dada alisema nisilivumishe. Dizeli ni ghali."

Mzee alicheka kidogo, si kwa dharau. Akatueleza kwamba gia kubwa katika mwendo mdogo, na mzigo ukiwa nyuma, huifanya injini isukume kwa nguvu zake zote huku ikizunguka polepole. Mapigo huwa machache, lakini kila moja huwa zito, na springi hukunjwa mpaka mwisho wake. Mizunguko ikiwa chini ya 1,500 kwa dakika na mguu umekandamiza mafuta, dereva hasikii chochote cha kumtisha. Anayeumia ni flaiwili. Wala akiba yenyewe haiwi kubwa kama inavyodhaniwa, kwa sababu injini inayolemewa nayo hunywa.

Nikauliza habari ya mayai. "Mayai hupasuliwa na mashimo ya barabara," alisema. "Hilo msimtwishe flaiwili."

Kazi ya kulifungua ilichukua siku nzima. Walitoa waya wa betri, wakaliinua gari juu ya stendi imara, wakafungua boksi la hewa, stata na shafti za magurudumu, wakaitegemeza injini kwa mnyororo kutoka juu, ndipo giaboksi ikateremshwa taratibu kwa jeki. Ndani ya kava lake palitapakaa grisi nyeusi iliyorushwa pande zote. Uso wa flaiwili, mahali klachi inapobania, ulikuwa na madoa ya buluu, alama ya chuma kilichopata joto jingi: hizo ni foleni za Kimara, za kuondoka na kusimama, kuondoka na kusimama. Fundi alikishika kipande cha nyuma kwa mikono miwili akakizungusha kulia na kushoto. Alinitahadharisha kwamba hata flaiwili mpya huchezacheza kidogo kabla ya springi kuikamata, kwa hiyo kuchezacheza peke yake si ugonjwa; kila aina ya gari ina kipimo chake kilichowekwa na mtengenezaji, na wengine hukihesabu kwa idadi ya meno ya stata yaliyo pembeni mwa gurudumu. Yetu ilivuka kipimo hicho mbali sana, tena ilizunguka bila springi kupinga. Alipoiinamisha, vipande viwili vikagongana kama vifuniko vya sufuria.

Sasa likaja suala la fedha. Nilimwuliza waziwazi kwa nini isichomelewe, maana fundi wa pili alituahidi hivyo kwa bei ya trei chache za mayai. Alijibu kwamba ukivichomelea vipande viwili, umeziua springi lakini hujayaua mapigo. Yatavuka pale pale na kwenda kwa jirani: kwenye meno ya giaboksi, kwenye shafti, na kurudi kwenye krenki yenyewe. Zaidi ya hayo, kitu kizito kinachozunguka mara 4,000 kwa dakika hakina budi kuwa na mizani kamili, na donge la kuchomelea halina mizani. Likipasuka kwa mwendo huo, kilicho mbele yake ni miguu ya dereva.

Ipo njia ya tatu, na alinieleza kwa haki. Baadhi ya watengenezaji huuza flaiwili ya kipande kimoja pamoja na klachi yenye springi katikati yake, kwa ajili ya kuchukua nafasi ya ile ya vipande viwili. Bei yake huwa nafuu, na wapo wenye magari walioichagua wakaridhika. Lakini springi fupi za klachi haziwezi kujikunja kama zile ndefu za upinde, hivyo mtetemo huongezeka na giaboksi hubeba zaidi. Kwa gari linalobeba mzigo kila juma, na ambalo familia ilitaka kulitumia miaka mingine kadhaa, yeye angeshauri lifungwe kama lilivyoundwa. Uamuzi, akasema, ni wa wenye gari.

Kikao cha pili kilikaa usiku ule nyumbani kwa wifi. Nilisema nilichokiona bila kuongeza wala kupunguza: nozeli ya silinda ya pili, betri, madoa ya joto, gia kubwa na sababu yake. Nilisoma pia yale niliyoyatafuta katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa sababu mshahara ni mshahara, hata mwajiri akiwa dada wa tumbo moja. Sheria hiyo inamruhusu mwajiri wa Tanzania Bara kumkata mfanyakazi kwa ajili ya hasara, lakini kwa masharti. Hasara sharti iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri sharti amweleze kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu ya deni, na kumpa nafasi ya kulipinga. Deni lisizidi hasara halisi. Na makato hayo yasizidi robo ya mshahara wake. Nusu aliyoitaja wifi haikuwamo, na kosa la mfanyakazi nalo halikuwa limeonekana.

Pakawa kimya. Wifi ni mwanamke aliyeanza na vifaranga thelathini na kujenga nyumba, na watu wa namna hiyo hawapendi kuonyeshwa hesabu. Lakini ndiye aliyesema kwanza. "Mimi ndiye niliyemwambia asilivumishe. Nilikuwa natafuta akiba." Kisha akamtazama mdogo wake. "Kwa nini hukuniambia kuwa gari linalemewa?"

"Dada, ningekuambia ungesema nakula dizeli."

Mama mkwe akasema yatosha. Ikaamuliwa kuwa flaiwili mpya inunuliwe, na klachi na beringi yake pamoja nayo, gharama igawanywe kwa wenye gari wawili kwa kadiri ya fungu la kila mmoja, nozeli na betri zilipwe kutoka katika mapato ya mayai. Mshahara wa dereva usiguswe. Tena kuanzia siku hiyo, katika kila trei inayouzwa, fedha kidogo itengwe kwa ajili ya matengenezo, jambo ambalo lingefaa kufanywa tangu gari liliponunuliwa, kwa sababu kila mwenye gari la kazi anatumia chuma chake kidogo kidogo kila siku, anakiri asikiri.

Siku ya pili ya ufungaji nilikwenda tena, na nililipenda lile nililoliona. Flaiwili mpya ina uzito unaopita kilo 10, na msaidizi aliipakata kama mtoto mchanga, kwani ikianguka mara moja haifai tena kufungwa. Hawakuiosha kwa petroli, kwa kuchelea kuitoa grisi ya ndani. Walifuta uso wake tu kwa kitambaa safi. Waliikagua sili ya nyuma ya krenki, maana oili ikivuja pale klachi mpya huharibika mara moja. Bolti za zamani zilitupwa, kwa sababu zimeundwa kuvutika zinapokazwa, na bolti iliyokwisha kuvutika mara moja haiaminiki mara ya pili. Zile mpya zilikazwa kwa kupokezana pande, kwanza kwa spana yenye kipimo cha nguvu, kisha kwa kiasi cha nyuzi kilichoandikwa na mtengenezaji, si kwa kukisia kwa misuli ya mkono. Pleti ya klachi ilipangwa katikati kwa kifaa chake, ili giaboksi iingie bila kulazimishwa. Mwisho walitoa hewa katika mafuta ya klachi na kubadilisha ile nozeli. Gari liliwashwa saa 10 jioni. Lilinguruma, likatulia, lilipozimwa halikugonga.

Nimeombwa na shemeji niwapelekee madereva wenzake, na hasa wenye magari, haya machache. Kwanza, shusha gia mapema kabla injini haijalalamika, hasa kwenye kilima na mzigo. Kuokoa dizeli ni kutokanyaga kwa pupa, si kuilemea injini. Pili, usiweke mguu juu ya klachi kwenye foleni, wala usilishikilie gari kilimani kwa klachi. Breki ipo kwa kazi hiyo. Tatu, betri ikichoka ibadilishwe, na injini inayotetemeka ipimwe nozeli zake kabla haijaua kingine. Nne, fundi akitaja flaiwili, mwombe akuonyeshe kipimo, na umwulize kilichoiharibu. Tano, giaboksi ikishateremshwa, klachi na beringi zibadilishwe pamoja na flaiwili, kwani gharama kubwa ya kazi ile ni kuishusha giaboksi na kuirudisha.

Kwa wenye magari naongeza neno langu mwenyewe. Mpeni dereva daftari, aandike kila siku alichokisikia, na mlisome bila kumkaripia. Shemeji sasa analo. Ukurasa wa kwanza aliandika kuwa tairi la nyuma kushoto linapungua upepo, na wifi alitoa fedha ya kuliziba jioni ile ile.

Na kwa anayekusudia kununua gari la dizeli lililotumika, lenye gia za mkono: uliza kwanza kama flaiwili yake ni ya vipande viwili, na imebadilishwa lini. Kisha nenda asubuhi, kabla mwenye gari hajalipasha moto, zima redio, fungua madirisha. Liwashe, kanyaga klachi, achia, uzime. Sikiliza. Kama kuna njugu ndani ya kopo, toa bei ya flaiwili katika bei ya gari kabla hujatoa mkono wa makubaliano.